Harley Earl: mtu aliyelifanya gari la mwaka jana lionekane kuukuu

Mfanyabiashara yeyote aliyewahi kuingia kwenye yadi ya magari Mombasa au Dar es Salaam ameliona jambo hili. Magari mawili ya aina moja yamepangwa ubavu kwa ubavu. Injini ni ile ile, giaboksi ni ile ile, na spea za hili zinaingia kwenye lile. Kilichobadilika ni taa za mbele, grili na bampa. Hata hivyo bei zimepishana kwa fedha ambayo ingejaza rafu za duka dogo la vitenge. Moja linaitwa la zamani, jingine linaitwa sura mpya. Anayelipa ile tofauti hanunui mwendo wala uimara. Ananunua namna watakavyomtazama watu atakaposhuka mlangoni.

Desturi hiyo haikuanzia Japani yanakotoka mengi ya magari hayo, wala haikuanzia kwetu. Ina mwanzo wake na ina watu walioijenga kwa makusudi. Aliyetangulia mbele yao ni Mmarekani mmoja, Harley Earl, aliyesimamia sura ya magari yote ya General Motors kuanzia mwaka 1927 hadi 1958, wakati kampuni hiyo ilipokuwa kubwa kuliko zote za magari duniani. Wengi hawalijui jina lake, lakini kila anayenunua gari hutozwa sehemu ya kazi yake. Kwa mtu ambaye mtaji wake hupita barabarani kila wiki, maisha ya Earl ni somo la biashara.

Mtoto wa fundi wa magari ya farasi

Harley Earl alizaliwa tarehe 22 Novemba 1893 huko Los Angeles, California. Baba yake, J. W. Earl, alitokea jimbo la Michigan na alikuwa fundi wa kuunda magari ya kukokotwa na farasi. Mwaka 1889 mzee huyo alifungua karakana yake Los Angeles. Magari ya injini yalipoanza kuenea hakushikilia kazi ya zamani mpaka ikamfia mikononi. Mwaka 1908 karakana iligeuzwa na kuitwa Earl Automobile Works, ikawa inatengeneza bodi na vifaa vya magari ya injini.

Biashara ya bodi wakati ule si ngeni kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Leo mtu akinunua lori au basi, mara nyingi hununua chasi yenye injini, usukani na magurudumu, kisha huipeleka kwa fundi wa bodi Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam. Matajiri wa Marekani walifanya hivyo hivyo hata kwa magari madogo. Kiwanda kiliuza chasi, na fundi akamvika mteja bodi kama mshonaji anavyomshonea mtu suti. Harley alikulia katika vumbi la mbao na harufu ya rangi ya karakana hiyo. Alipelekwa Chuo Kikuu cha Stanford, lakini hakumaliza masomo. Alirudi kwa baba yake na kushika kazi.

Alirudi wakati mzuri. Hollywood ilikuwa inageuka kuwa mji wa sinema, na waigizaji walikuwa na fedha mpya mikononi. Mchekeshaji Roscoe Arbuckle, maarufu kwa jina la Fatty, alikuwa mteja. Tom Mix, nyota wa filamu za wachunga ng'ombe, naye alikuwa mteja, na gari lake lilipambwa kwa tandiko la farasi juu yake, ili hata mtoto aliye mbali ajue nani anapita. Hapo kijana Earl alijifunza jambo ambalo wahandisi wengi hawakulijua. Mteja wa namna hiyo hakuuliza gari lina nguvu kiasi gani. Kazi yake yeye mwenyewe ilikuwa kutazamwa, na gari lilimtangulia kutazamwa kabla hajashuka.

Mwaka 1919 karakana ya Earl ilinunuliwa na Don Lee, wakala mkubwa wa magari ya Cadillac huko California. Harley alibaki kama msimamizi wa ubunifu. Mauzo yale yalimsogeza karibu na kampuni iliyotengeneza Cadillac, yaani General Motors, ingawa yeye mwenyewe alikuwa bado hajui kwamba mlango ulikuwa umefunguka.

Ngazi ya Sloan

Ili kuelewa kwa nini kampuni kubwa ya Detroit ilimhitaji mshonaji wa magari wa waigizaji, ni lazima kumtazama kwanza mpinzani wake, Henry Ford. Gari la Ford la Model T lilitoka mwaka 1908. Kwa kutumia njia ya kuunganisha magari yanayotembea mstarini, Ford alishusha bei mwaka baada ya mwaka hadi ikafika chini ya dola 300. Kati ya mwaka 1914 na 1925 gari hilo lilitoka kwa rangi moja tu, nyeusi. Mkulima alikuwa nalo, mwalimu alikuwa nalo, na karani alikuwa nalo. Lilikuwa gari la kazi, na wote waliolipanda walifanana.

Lakini kufikia katikati ya miaka ya 1920, Mmarekani aliyehitaji gari na kuweza kulilipia alikuwa tayari analo. Asiye na fedha nyingi aliweza kununua lililotumika kwa bei ya chini. Swali la viwanda likageuka. Halikuwa tena jinsi ya kumuuzia mtu gari lake la kwanza, bali jinsi ya kumfanya mwenye gari zima na linalokwenda alione halimfai.

Aliyelijibu swali hilo ni Alfred Sloan, aliyekuwa rais wa General Motors kuanzia mwaka 1923. Sloan alipanga magari ya kampuni yake kama ngazi. Chini kabisa palikuwa na Chevrolet, kisha Pontiac, Oldsmobile, Buick, na juu kabisa Cadillac. Mtu angeanza chini na kupanda kadiri kipato chake kilivyopanda, na majirani wangesoma cheo chake kwa kutazama tu kilichoegeshwa nje. Asiye na fedha taslimu alikopeshwa, kwa kuwa tangu mwaka 1919 kampuni ilikuwa na chombo chake cha mikopo ya magari. Rangi mpya ya kupuliza, iliyokauka kwa saa chache badala ya siku nyingi, iliwezesha kiwanda kuuza magari ya rangi mbalimbali bila kuchelewesha kazi.

Ngazi ilikuwa imejengwa, lakini ilikosa kitu kimoja. Magari ya ngazi moja na nyingine hayakutofautiana vya kutosha machoni. Hapo ndipo Lawrence Fisher, mkuu wa Cadillac, aliposafiri kwenda California kumtembelea Don Lee na kumkuta Harley Earl akifinyanga gari zima kwa udongo.

Kazi ya udongo

Mafundi wengi wa bodi walijaribu maumbo yao kwa mbao na mabati yaliyogongwa kwa nyundo. Ubao haukubali mkunjo kwa urahisi, na bati likishagongwa ni shida kulirudisha. Udongo unakubali mkono. Earl aliweza kuunda boneti, mapaja ya magurudumu na mlango vikawa umbo moja linalotiririka, badala ya masanduku yaliyounganishwa. Alipoona kosa alikwangua akaongeza. Wakubwa waliweza kulizunguka gari lenye ukubwa kamili, wakalikubali au kulikataa, kabla shilingi ya kwanza haijatumika kwenye chuma. Hadi leo viwanda vya magari hufinyanga magari kwa udongo, hata baada ya kompyuta kuingia.

Fisher alimwalika Detroit kubuni gari jipya la kuziba pengo kati ya Buick na Cadillac. Gari hilo, LaSalle, lilitoka mwaka 1927. Earl hakuficha kwamba sura yake aliifuata kutoka kwa Hispano-Suiza, gari la kifahari la Ulaya. Watu walilipenda. Mwezi Juni mwaka huo huo Sloan alimfungulia idara mpya ya sanaa na rangi yenye watu wapatao 50. Mwezi mmoja kabla, Ford alikuwa amelisimamisha Model T baada ya kutengeneza zaidi ya magari milioni 15. Mwaka mmoja ulishuhudia gari la kazi likishuka jukwaani na gari la kutazamwa likipanda.

Mwanzo haukuwa laini. Wahandisi wa Detroit walimwona Earl kama mpamba maharusi aliyepotea njia akaingia kiwandani. Gari la Buick la mwaka 1929 lilibuniwa na idara yake likiwa na mbavu zilizojaa kidogo. Kiwanda kilibadilisha vipimo bila kumshirikisha, na lilipotoka lilikuwa limevimba ubavuni kiasi kwamba watu walilipa jina la utani la mama mjamzito. Mauzo yalikuwa mabaya. Earl alijifunza kwamba mbunifu asiye na madaraka ni mchoraji wa picha tu. Kuanzia hapo alipigania idara yake iwe na sauti mpaka mwisho wa mstari wa kiwanda. Mwaka 1940 alifanywa makamu wa rais wa kampuni, cheo ambacho mbunifu wa sura za magari hakuwahi kukipata kabla yake.

Mwenyewe alikuwa tangazo la kazi yake. Alikuwa mrefu kupita kiasi, karibu sentimita 193, na alivaa suti za rangi nyepesi zisizo na mkunjo. Alikuwa na suti za akiba ofisini, ili mchana wengine walipokuwa wamechoka na kukunjamana yeye aonekane kama aliyetoka nyumbani dakika ile. Alikuwa mkali na aliogopwa. Hakusifika kwa kuchora kwa mkono wake. Kipaji chake kilikuwa jicho. Aliwapa wabunifu kazi, kisha akapita nyuma yao na kusema mstari upi ubaki na upi uondoke. Kila jina la gari lilikuwa na chumba chake chenye kufuli, ili watu wa Chevrolet wasijue wanachofanya watu wa Buick. Aliajiri pia wanawake kuwa wabunifu, na katika miaka ya 1950 kundi lao lilijulikana nchi nzima, wakati viwanda vingi vya magari viliona hiyo ni kazi ya wanaume.

Alikuwa na kanuni moja aliyoifuata maisha yake yote. Gari liwe refu zaidi na liwe chini zaidi kuliko la jana. Aliamini jicho la binadamu huona umbo refu na la chini kuwa zuri na lenye mwendo, hata likiwa limesimama.

Mwaka 1938 aliunda gari la majaribio la Buick lililoitwa Y-Job. Taa zake zilijificha, vioo vilipanda na kushuka kwa umeme, na lilikuwa chini kuliko magari mengi ya wakati wake. Halikuuzwa. Earl alilifanya gari lake mwenyewe, akawa analiendesha mitaani. Kila lilipoegeshwa, magari mengine yaliyokuwa karibu yalizeeka papo hapo. Ndiyo yalikuwa matumizi yake hasa. Watu walionyeshwa kesho ili waichoke leo.

Mapezi

Mwaka 1941, kabla Marekani haijaingia vitani, Earl aliwapeleka wabunifu wake kwenye uwanja wa ndege za kijeshi karibu na Detroit kuitazama ndege mpya ya kivita, P-38, yenye mikia miwili. Umbo lile lilibaki vichwani mwao vita nzima. Cadillac ya mwaka 1948 ilipotoka, juu ya taa zake za nyuma palikuwa na vinundu viwili vidogo vilivyochongoka kama mapezi ya samaki.

Mapezi hayo hayakuongeza mwendo wala kupunguza mafuta. Wapo waliohofia kwamba wateja wangeyacheka. Badala yake wateja waliyapenda, na sababu yake ni rahisi. Gari la mbele unaliona kwa nyuma. Kwa mapezi yale, aliye nyuma alijua kwamba aliyempita yuko kwenye Cadillac.

Kisha ngazi ya Sloan ikafanya kazi yake. Alama ya juu ilishuka chini, ikafika Oldsmobile na Buick, mwisho Chevrolet. Kampuni nyingine nazo ziliiga. Alama ikishakuwa ya kila mtu haionyeshi tena cheo cha mtu yeyote, kwa hiyo Cadillac ililazimika kuwa na mapezi makubwa zaidi. Mwaka uliofuata, zaidi tena. Hivyo ndivyo mapambo yanavyopanda bila kufika. Aliyepamba gari lake ili awe tofauti hujikuta baada ya muda amezungukwa na waliompata, na inambidi atumie tena.

Vijana wa California walicheza mchezo huo kwa bei nafuu. Walinunua magari yaliyotumika, wakayashusha chini, wakakata nguzo za paa ili lilale, wakang'oa nembo za kiwanda, na wengine wakafunga vifuniko vya magurudumu vya Cadillac kwenye Ford na Mercury zao. Anayeona leo gari la kawaida limebandikwa nembo ya toleo la bei kubwa, au matatu ya Nairobi iliyochorwa ubavu mzima ikimulika taa za rangi, haoni jambo jipya. Ila matatu ina hesabu yake, kwa kuwa abiria vijana huichagua kwa mapambo na muziki, na mapambo hurudisha fedha. Gari la nyumbani halina abiria wa kulipa.

Si haki kuyaita yote haya upumbavu. Mwandishi wa mambo ya uongozi Peter Drucker alisimulia kwamba katika mdororo mkubwa wa uchumi wa miaka ya 1930, Cadillac haikutaka kuwauzia watu weusi, kwa hofu ya kushusha heshima ya jina lake. Msimamizi wake wa huduma kwa wateja, Nicholas Dreystadt, aligundua kwamba matajiri weusi, wakiwemo mabondia na madaktari, walikuwa wakimlipa mzungu awanunulie. Aliishawishi kampuni iwauzie moja kwa moja, na jambo hilo lilisaidia kuliokoa jina la Cadillac. Mtu aliyekatazwa nyumba katika mtaa mzuri na chumba katika hoteli nzuri aliweza angalau kununua gari zuri. Heshima ikizibwa mlango mmoja hutafuta mwingine. Kwetu nako, baada ya uhuru, watu walibuni jina wabenzi kwa wakubwa wapya, kana kwamba Mercedes-Benz ilikuwa imezaa kabila. Jina hilo lilikuwa la kejeli, lakini lilionyesha kwamba hata anayekejeli anajua kusoma cheo kwenye boneti.

Hesabu ya kuzeesha

Katika miaka ya 1950 Earl alikuwa kileleni. Mwaka 1951 alionyesha gari la LeSabre, lenye umbo lililoiga ndege za jeti, ambalo paa lake lilijifunga lenyewe mvua ikidondoka. Kampuni ilifanya maonyesho makubwa yaliyozunguka miji, yakiitwa Motorama, na watu walifurika kutazama magari ambayo hayakuwa dukani. Corvette, gari la michezo linalotengenezwa hadi leo, lilitokea kwenye onyesho la mwaka 1953.

Chini ya mwanga huo palikuwa na hesabu kavu. Bodi mpya kabisa ilihitaji mashine za kukandamizia mabati zenye gharama kubwa, kwa hiyo umbo la msingi lilidumu takriban miaka mitatu. Katika miaka ya kati kilichobadilishwa ni grili, taa, bampa, rangi na mistari ya chuma cha kung'aa. Gharama ilikuwa ndogo kwa kiwanda, lakini ilitosha kumfanya mwenye gari la mwaka jana ajione amechelewa. Earl hakuona aibu kulieleza lengo hilo hadharani. Katikati ya miaka hiyo alieleza kwamba mwaka 1934 Mmarekani wa kawaida alikaa na gari miaka mitano, kwamba sasa muda huo ulikuwa umeshuka hadi miwili, na kwamba kazi ingekamilika siku utakapofika mwaka mmoja.

Mchezo huo uliua wengi. Kampuni ndogo hazikuweza kununua mashine mpya kila baada ya miaka michache. Packard, lililowahi kuwa jina la heshima kuliko Cadillac, lilitoweka mwaka 1958. Hudson na Nash ziliungana mwaka 1954 ili zipate kupumua. Si kwamba magari yao hayakutembea. Yalishindwa kubadilisha nguo.

Zamu ya kuzeeka

Mwezi Agosti mwaka 1956 mbunifu kijana wa General Motors, Chuck Jordan, alichungulia kupitia uzio wa yadi ya Chrysler na kuona magari ya mwaka uliokuwa unakuja. Yalikuwa membamba, ya chini, yenye mapezi marefu, kazi ya Virgil Exner. Ghafla magari yaliyokuwa yakiandaliwa kwa Earl, mazito na yaliyosheheni vyuma vya kung'aa, yalionekana ya kale. Earl alikuwa Ulaya. Wabunifu wake walianza upya kazi ya magari ya mwaka 1959 bila kumngoja, na aliporudi, baada ya kutazama, aliwaachia waendelee. Mtu aliyezeesha magari ya wenzake kwa miaka 30 alikuwa amezeeshwa kwa njia ile ile.

Magari ya mwaka 1958, ambayo hayakuweza kubadilishwa tena, yalitoka yakiwa yamelemewa. Buick ya mwaka huo ilikuwa na grili yenye vipande 160 vya chuma cha kung'aa. Yaliingia sokoni wakati uchumi wa Marekani umeyumba na mauzo ya magari yameanguka. Wakati huo huo gari dogo la Kijerumani, Volkswagen, ambalo sura yake haikubadilika mwaka hadi mwaka, lilikuwa likipata wanunuzi wapya waliochoka kukimbizwa.

Mwisho wa mwaka 1958, akiwa na miaka 65, Harley Earl alistaafu. Aliyemrithi, Bill Mitchell, alianza kupunguza mapambo. Cadillac ya mwaka 1959, ya mwisho kutoka chini ya Earl, ilikuwa na mapezi marefu kuliko yote yaliyowahi kuuzwa na kampuni hiyo. Kufikia toleo la mwaka 1965 mapezi yalikuwa yameondoka kabisa.

Mwaka huo huo wa 1965 mwanasheria Ralph Nader alitoa kitabu kilichoshutumu viwanda vya magari kwa kutumia fedha nyingi kubadilisha sura kila mwaka na kupuuza usalama wa wanaopanda. Mapezi yenye ncha kali yalikuwa sehemu ya mashtaka yake, kwa kuwa mtu akiyagonga yalimjeruhi. Mwaka 1966 Marekani ilitunga sheria ya usalama wa magari. Wahenga wetu walikwisha kusema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Earl alifariki dunia kwa kiharusi tarehe 10 Aprili 1969, West Palm Beach, Florida, akiwa na miaka 75. Kombe la mashindano makubwa ya magari ya Daytona lina jina lake.

Alichowaachia wanunuzi

Earl hakuwa tapeli. Alitoa magari mazuri, na uzuri ni bidhaa halali kama ilivyo kanga yenye jina zuri. Kabla yake mtu wa kawaida hakutarajiwa kuwa na jicho, na gari la bei ya chini lilitengenezwa kama sanduku. Yeye aliamini hata mnunuzi wa Chevrolet anastahili kitu cha kufurahisha macho. Tena mfanyabiashara anajua kwamba sura ina kazi yake. Msambazaji wa bidhaa huweza kumwamini haraka zaidi anayefika kwa gari safi, na mwenye benki naye ana macho.

Lakini lipo deni ambalo Earl alilijua na mnunuzi hakulijua. Uimara wa gari hupimwa kwa barabara, na barabara ya kutoka Malaba hadi Kampala au kutoka Rusumo hadi Kigali haidanganyiki. Fahari hupimwa kwa gari la jirani, na jirani hawezi kuzuiwa kununua jipya. Anayenunua uimara huupata wote siku anayolipa, na huutumia mpaka uishe. Anayenunua fahari huuziwa kitu ambacho muuzaji mwenyewe amepanga kukifuta.

Mtazame aliyechukua Cadillac ya mwaka 1959 kwa mkopo wa miaka miwili au mitatu, akajivunia mapezi yake marefu kanisani na kazini. Miezi 12 baadaye kiwanda kilitoa toleo la mwaka 1960, na mapezi yake yalikuwa mafupi. Marefu yakawa ni mambo ya mwaka jana. Gari lake lilikuwa zima, injini ilinguruma vizuri, rangi haijapauka. Kilichokuwa kimekwisha ni kile alichokinunua hasa, na malipo ya kila mwezi yalikuwa bado yanaendelea.